Masufuria Saba na Simu Isiyotambulika

Nilimwachisha bibi yangu kazi kwa sababu ya kitufe kilichokaa vibaya. Nimejaribu kuiandika sentensi hii kwa njia nyingine, mara kama ishirini hivi, ili nionekane mtu mwenye sababu. Imekataa. Kitufe kilikaa vibaya, nami nikamwachisha kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya masufuria. Mtaa wetu hapa Malindi una masufuria saba makubwa, yale ya kupikia watu mia kwenye arusi na hitima. Ni mali ya akina mama wa mtaa mzima, lakini yamekaa katika banda la uani kwetu tangu sijazaliwa, na mtunzaji wake ni bibi. Anayeyataka huja, huketi, huulizwa habari za watu wa kwao mmoja mmoja, kisha hupewa au hunyimwa. Zamani bibi alikuwa pia mpishi. Alikuwa akisimamia mafiga ya masufuria matatu kwa pamoja, anageuza pilau kwa mwiko mrefu kuliko mimi. Magoti yalipomkatalia, wakaanza kumwekea kiti pembeni, na sahani yake ikawa inaletwa ya kwanza, kama ya mgeni. Hilo la sahani lilimuuma. Alilisema mara moja tu, akiwa anavua viatu baada ya arusi: "Nimekuwa wa kuletewa." Kwa hiyo yalibaki masufuria. Ndiyo yaliyofanya watu wapige hodi kwetu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne na sikwenda chuo. Nilijifundisha kuandika programu kwa kutazama video, kwenye kompyuta kuukuu iliyong'oka herufi N, nikawa nabonyeza kale kampira kalikobaki chini yake. Kitu cha kwanza nilichotengeneza kikafanya kazi kilikuwa programu ya masufuria. Kila sufuria lina picha yake, mahali lilipo, na jina la aliyeliomba. Watumiaji walikuwa kumi na mmoja. Unaomba ukiwa kwako, na bibi akiwa kwake anabonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa IDHINISHA, au chekundu kilichoandikwa KATAA. Uwezo huo nilimpa yeye peke yake. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mamlaka yakigawanywa kunatokea makosa, na makosa mimi siyawezi, yananipandisha homa.

Simu ya bibi ilikuwa ya zamani. Aliachiwa na mjomba, ina ufa pembeni mwa kioo, na mgongo wake umefungwa kwa mpira. Kabla ya kufanya jambo lolote ilikuwa inawaza. Unabonyeza, inawaza, unakunywa chai, inafanya. Bibi alisema hata yeye anapenda kuwaza kwanza. Na lile neno likamkaa mdomoni. Ukimpa mchuzi auonje, anafumba macho, anasema, "Nimeuidhinisha." Paka wa jirani akichungulia jikoni: "Wewe hujaidhinishwa, toka." Alikuwa na furaha, nami niliiona. Nasema hivi ili isije ikadhaniwa kwamba sikujua ninachokigusa.

Sasa kitufe. Kwenye simu kumi kitufe cha kijani kilikaa pale nilipokiweka. Kwenye ya bibi kilishuka, upande wake wa chini ukakatwa na ukingo wa kioo. Nilipima kwa rula. Milimita mbili. Bibi hakuwa na habari. Lakini mimi nilijua, na kila alipokibonyeza niligeuza uso. Ikafika nikawa nakula chakula changu uani, kwa sababu yeye huiweka simu karibu na bakuli lake na mimi nikikiona kile kitufe tonge halipiti. Nilijaribu kukinyoosha wiki tatu. Nikikinyoosha kwake, kinapinda kwa wengine kumi. Nikiwanyooshea wengine, simu ya bibi inawaza mpaka inazimika.

Ndipo siku moja nikaletewa, kwenye simu yangu mwenyewe, taarifa ya kampuni moja kubwa ya mbali huko. Kwa upole kabisa ilisema kwamba kuanzia tarehe fulani haitahudumia tena simu za zamani, na kwamba inatushukuru. Niliisoma kama mfungwa anayesomewa msamaha. Kumbe inaruhusiwa! Kumbe wakubwa nao wakishindwa na simu ya mtu huiacha, na wala hawaombi radhi, hushukuru.

Nikaandika yangu. Niliiandika jikoni, bibi akiwa anasukuma chapati, mimi nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, hatua moja kutoka kwake. "Mtumiaji wetu mpendwa. Kuanzia Jumatatu, toleo la tatu la programu yetu halitafanya kazi kwenye simu za zamani. Tunapendekeza upate simu mpya. Tunakushukuru kwa kuwa nasi." Nikaisoma mara tano, nikaondoa mkato mmoja, nikaurudisha, nikaituma. Simu ya bibi ikalia juu ya gunia la unga.

Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika mwisho akanitazama.

"Hawa ni kina nani?"

"Ni mimi, bibi."

"Na wenzako?"

"Sina wenzangu."

"Hapa wamesema *yetu*. Wamesema *tunapendekeza*. Wako wangapi?"

"Ni mimi peke yangu. Ndivyo inavyoandikwa."

"Kwa hivyo, mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, kama mabibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "umeniandikia barua ya kuniaga, na tumekaa jikoni moja?"

"Ni utaratibu, bibi. Kitufe chako kimeshuka milimita mbili, nimejaribu kukinyoosha wiki tatu, hakikubali."

Akageuza chapati. Ikabidi aigeuze tena, kwa sababu aliigeuza kabla ya wakati wake. "Basi nami nashukuru," akasema.

Nitaungama jambo lingine. Sikuwa nimefikiria bibi atapata wapi simu mpya. Niliandika "tunapendekeza" na akili yangu ikatosheka, kana kwamba neno hilo lilikuwa ndiyo simu.

Jumatatu nikalitoa toleo la tatu. Kwenye simu kumi lilikuwa zuri mpaka nikatokwa na machozi. Kwenye ya bibi ukatokea ukurasa wa kijivu, kijivu nilichokichagua kwa siku mbili, na maandishi katikati: SIMU HII HAITAMBULIKI TENA. Kukaa kwake katikati kulikuwa sawasawa, nilipima.

Mchana huohuo akaja mama wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na aliyataka masufuria yote saba. Ombi lake lilikuwa limeshaingia tangu juzi yake. Tulikuwa watatu mbele ya banda, mlango wazi, masufuria yamepangwa yanatutazama.

"Shikamoo, bibi. Naona bado inaniandikia *linasubiri*."

"Marahaba. Litasubiri."

"Si useme tu nichukue? Hayo hapo, nayaona."

"Mimi niseme?" Bibi akatoa simu kifuani, akamwonyesha ule ukurasa. "Soma, mwanangu. Mimi sitambuliki."

"Wewe? Na nani?"

"Na kampuni."

"Kampuni iko wapi?"

Bibi akaninyooshea kidole. Yule mama akanitazama kuanzia ndara mpaka kilemba cha kanga kichwani, akasema, "Lo." Na hakuyachukua masufuria. Nilimwambia ayachukue, nikamwambia mimi ndiye mwenye programu, nikaenda nikalishika la kwanza kwa masikio yake. Akarudi nyuma. Hakuna mwanamke katika mtaa wetu atakayetoa sufuria katika banda lile bila neno la bibi, na bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyestaafu kwa heshima zote.

Ilibidi nitafute mtu mwingine wa kubonyeza. Nikampa uwezo muuza viazi karai wa pale kona, kwa sababu simu yake ilikuwa mpya kuliko zote na kitufe kilikaa vizuri mno juu yake. Na bibi, alipoulizwa kama ana neno, alisema mwidhinishaji ameidhinishwa na kampuni, yeye hana lake. Kwa hiyo watu wakaanza kuchukua.

Muuza viazi alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililotumaliza. Alikuwa hawezi kumnyima mtu kitu. Aliyeomba alipewa, na aliyekuwa hajaomba aliulizwa kama hataki. Kufikia Jumatano jioni masufuria mawili yalikuwa kwenye hitima Mambrui, moja lilikuwa limekwenda mpaka Junju kwa mtu ambaye hakuna aliyemjua vizuri, na lile lenye kiraka, ambalo watoto wote wa mtaa wanajua ni la kuchemshia maji tu, lilikuwa limepikiwa mchuzi ukamwagikia moto, moto ukazima, wageni wakala wali mkavu. Nilimkimbilia pale kona.

"Kwa nini hukuwakatalia?"

"Nilitaka," akasema, huku anageuza viazi mafutani. "Lakini kile kitufe chako cha kijani, mwenzangu, kizuri! Kile chekundu kinaonekana kina hasira."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilichelewa, kazi ya bibi ilikuwa nini. Kubonyeza kulikuwa kudogo. Alikuwa anajua sufuria gani linavuja, nyumba gani hairudishi, nani anaomba matano na wageni wake ni thelathini. Alijua kunyima, na aliyenyimwa akaondoka anacheka. Mimi nilikuwa nimechukua yote hayo nikayapima kwa rula.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, nikasikia kilio langoni. Kilio cha msiba hasa, cha kushuka na kupanda. Nikatoka mbio. Alikuwa mzee mmoja wa Rabai, binamu yake bibi, mtoto wa mjomba wake, na nyuma yake dada zake wawili wamejifunga leso viunoni. Bibi ni mzaliwa wa huko, na huyu ni mtani wake tangu utoto. Kwetu mtani ana haki yake matangani. Watu wakilia, yeye anacheka. Anamwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema. Anaweza kukaa juu ya kaburi na kuzuia mazishi mpaka apewe anachotaka. Na kumkasirikia huruhusiwi. Lakini hakuna aliyekuwa amekufa.

"Yuko wapi?" akalia. "Yuko wapi kipenzi chetu? Nimepigiwa simu asubuhi!"

"Umepigiwa na nani?" nikauliza.

"Na marehemu mwenyewe!"

Bibi alikuwa kwenye kiti chake, kanga mdomoni. Ile simu, ambayo kwa mambo yote mengine isipokuwa programu yangu ilikuwa nzima, ilikuwa imetumika kutangaza kifo chake yenyewe. Mabega ya bibi yalikuwa yanatikisika, na mahali niliposimama sikuweza kujua kama ni kilio au kicheko.

Uani tayari walikuwepo akina mama kama wanane, waliokuja kuuliza habari za masufuria, na mama wa biarusi kati yao, aliyekuwa kweli karibu na kulia. Hawakuhitaji kuelezwa. Jamvi likatandikwa. Simu ikalazwa juu ya leso iliyokunjwa, mpira wake umenyooshwa vizuri. Wakajifunika vichwa, wakaketi, miguu wamenyoosha.

"Marehemu nilimjua," mzee akaanza. "Alikuwa mpole. Ukimwita leo, anaitika kesho."

"Kweli!" wakaitikia.

"Alikuwa hana makuu. Anashiba chaji alfajiri, saa nne ana njaa."

"Maskini!"

"Na alikuwa na tabia hii." Mzee akasimama, akaanza kutembea kuvuka uani, akanyanyua mguu mmoja, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akaganda. Hakupepesa. Kuku akapita chini ya mguu. Tukangoja. Dada yake akaenda akamdukua shavuni kwa kidole, hakuna kitu. Akamdukua tena kwa nguvu, na mzee akamalizia hatua yake na neno lake: "...kheri." Akina mama walianguka jamvini. Mama wa biarusi alicheka huku amejishika mbavu, machozi yanamtoka, anasema mwacheni, mwacheni, nina arusi mimi.

"Na nani amemuua?" mzee akauliza. Wote wakanigeukia. "Huyu? Nimeambiwa ni kampuni!"

"Ndiyo kampuni yenyewe," akasema dada mtu.

"Mbona nyembamba hivi? Wengine wako wapi?"

"Yuko peke yake," bibi akasema kwa mara ya kwanza, ndani ya kanga. "Lakini husema *sisi*."

Mzee akanijia. Nilidhani ataniigiza ninavyotembea, maana najua natembea kama ninayehesabu. Badala yake akaingia jikoni, akatoka na ule mwiko mrefu wa pilau, akamwendea bibi, akauweka mwiko usoni pake, akafumba jicho moja, akapima.

"Aa," akasema kwa sauti nyembamba ya uchungu, sauti yangu kabisa. "Pua hii imeshuka. Milimita mbili." Akapima tena. "Nimejaribu kuinyoosha wiki tatu, haikubali." Akanyooka, akaweka mkono kifuani. "Bibi yetu mpendwa. Kuanzia Jumatatu hutatambulika tena. Tunapendekeza upate pua mpya. Tunashukuru."

Uani palipasuka. Hata muuza viazi, aliyekuwa amefika akiwa na karai lake, alicheka mpaka akalitua chini. Nami nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Nilicheka huku natazama pua ya bibi yangu chini ya mwiko, na bibi ameinua kidevu apimwe vizuri, na ghafla ikawa sicheki tena, nalia kwa kwikwi. Hakuna aliyenibembeleza. Matangani mtu akilia huachwa alie.

Kisha mzee akajilaza kifudifudi jamvini, ameizungushia simu mikono. "Haizikwi," akasema. "Haizikwi mpaka tupewe haki yetu."

"Haki yenu nini?" akauliza mama wa biarusi, aliyekumbuka kwamba kesho yake ni Ijumaa.

"Jogoo. Jogoo, si tetea. Marehemu hakuwa mtu wa tetea. Na kitufe chake kirudi."

"Kitakaa vibaya," nikasema. Nilisema hivyo kweli. Kamasi zinanitoka, watu wanane wananitazama, mzee amelala chini, na hilo ndilo nililoliona la kusema.

Bibi akaondoa kanga mdomoni. "Mke mwenzangu," akasema, "mimi sikukuomba kiwe kizuri. Kikinisikia nikikibonyeza, yatosha."

Nikaileta kompyuta. Nikaketi jamvini, kati ya wafiwa, nikaanza kurudisha toleo la pili kwa ajili ya simu moja. Sijawahi kufanya kazi na watu wakitazama. Huwa sitaki hata paka. Sasa kila nilipobonyeza kale kampira ka N kulikuwa na anayetoa maoni. "Amekosea." "Hajakosea, anafuta." "Anafuta nini? Asije akatufuta na sisi." Mzee aliishika simu kama anayemshika mgonjwa mapigo. Kikaanza kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo. Kikazunguka. Muuza viazi akasema chini kwa chini, "Ya Rabi."

"Anapumua," mzee akatangaza.

Na kikatokea kitufe, cha kijani, kimeshuka milimita mbili, chini kimekatwa. Nilitazama pembeni. Kisha nikajilazimisha nikitazame.

Bibi akavaa miwani, akapokea simu, akasoma maombi yote yaliyoingia tangu Jumatatu. Hakuna aliyemharakisha. Kitu cha kwanza alichobonyeza kilikuwa chekundu. "Hili la kiraka halipiki pilau, hata kama ni arusi ya nani." Kisha akapiga simu Mambrui, akauliza habari za watu wa kule mmoja mmoja, mpaka mwenye nyumba akayataja masufuria mwenyewe bila kuulizwa. Yule wa Junju naye hakuwa mgeni kwake. Kumbe alimjua mama yake, na mama wa mama yake. Ijumaa alasiri masufuria saba yalikuwa mbele ya nyumba ya biarusi, sita ya kupikia na moja la maji. Jumamosi wakamwekea bibi kiti, si pembeni tena, penye mafiga, kwa sababu kila dakika mtu alikuja kumwuliza lipi liende wapi. Sahani yake ilisahauliwa. Alikula mwisho, amesimama, pamoja na wapishi, na nilikuwa sijamwona akila vile siku nyingi.

Wale wa Rabai waliondoka na jogoo wetu. Mzee alimpima kwanza kwa mwiko.

Sasa ninahudumia matoleo mawili: la tatu kwa watu kumi, la pili kwa mtu mmoja. Kila nikibadilisha kitu nakibadilisha mara mbili, na mara ya pili huchukua siku nzima. Najua ile simu ina siku zake. Wakubwa wa mbali watazidi kuikata upande huu na upande ule, na iko siku itaganda na hakuna kidole kitakachoiamsha. Siku hiyo nitatafuta simu nyingine ya kuwaza, kabla sijapendekeza chochote. Taarifa niliandika tena, bibi aliniagiza: "Mwambie yule *sisi* wako aandike nyingine." Niliandika kwa jina langu, mstari mmoja, nikamsomea jikoni. Aliikubali, ila alisema imekosa salamu.

Na chakula changu nakila wapi? Ndani, karibu na bakuli lake. Kitufe nakiona. Kinauma, lakini tonge linapita.

Wiki ya arusi, ili kujaribu kama toleo la pili linafanya kazi sawasawa, niliomba sufuria moja, lile la kiraka, kwa jina langu. Inaniandikia *linasubiri*. Ni miezi sasa. Nikimwuliza bibi, anatoa miwani, anaifuta, anairudisha, na kuniambia kwamba ombi langu wamelipokea, na kwamba wananishukuru.